Nyuzi Sabini

Maji yakifika nyuzi sabini nazima jiko.
Kipimajoto kina ufa, nakiamini hivyo hivyo.
Nalitelezesha bamba ndani ya beseni, jeupe, gumu,
kama kigae cha bafuni kilichokosa ukuta,
na wewe, Kwandu, unachungulia kana kwamba napika.

Subiri.
Weupe unaanza kutoka pembeni.
Sasa tazama: beseni liko tupu.
Limo. Limekuwa angavu kama jicho la dagaa wa alfajiri.
Nalivua kwa koleo, nalifuta kwa taulo,
na nina dakika tatu, zikizidi sana nne,
za kulilaza juu ya mkono wako
kabla halijabadili nia.

Mkono wako niliusoma kwanza kwenye faili:
kisu cha minofu, kiwanda cha sangara, zamu ya usiku,
kano mbili zilikatwa, zikashonwa.
Faili halikusema kwamba hukuiacha kreti ile nusu.
Hilo uliniambia mwenyewe, ukicheka, ukitazama dirishani
mawe yaliyokaa juu ya mawe mpaka ziwani
bila fundi, bila saruji.

"Linajuaje?" uliuliza siku ile ya kwanza.
Nikakosa neno. Moshi walinifundisha kwa michoro:
minyororo mirefu, vifungo, joto la mpito.
Nikasema, fikiria wavu.
Ndani ya bamba hili mna nyuzi zisizo hesabu,
na mahali mahali zimepigwa fundo.
Joto hulegeza nyuzi. Mafundo haliyawezi.
Ukunje wavu, usokote, ukalie mtumbwini,
jicho lake linabaki la inchi ngapi?
"Sita," ulijibu haraka.
Kisha, polepole: "Za baba zilikuwa chini ya hapo.
Walizichoma ufukweni, sisi tukiangalia."

Sikuwa na mfano wa hilo.
Kuna joto ambalo baada yake nyuzi hazikumbuki kitu.

Leo umerudi kutoka Kayenze
umelificha ndani ya kitenge
kama mgeni aliyevunja sahani ya mwenyeji.
Ulilivua kidogo tu, uwashe jiko la shemeji la kukaushia samaki,
ukaliweka juu ya bati,
na ulipogeuka lilikuwa limelala bapa:
hakuna kiganja, hakuna bonde la kidole gumba.
"Limenisahau," umesema.

Hapana. Limekumbuka kwao.
Lilizaliwa bapa, Kwandu. Wewe ulikuwa safari.

Samaki mkunje angali mbichi, tuliambiwa,
nami niliamini, mpaka nikapewa chumba hiki
na kitu kinachokunjika hata kikiwa kikavu,
mara ya pili, ya tano, bila kinyongo.
Mwaka wa sita sijalala Magu.
Kiswahili changu ni cha ofisi, kimepigwa pasi.
Lakini asubuhi uliposimama mlangoni ukasema "Mwangaluka,"
ulimi ulilainika kabla sijauamuru
ukajilaza pale ulipokuwa zamani,
na karani akauliza nacheka nini.

Lete mkono.
Usikaze. Kunja kidogo, kama umeshika yai la kanga.
Hivyo. Linapoa. Weupe unarudi kuanzia kwenye kifundo,
unapanda kama ukungu kwenye kioo.
Unasikia linavyokubana? Hapo ndipo linapokujua.

Nalichomoa, nikate kingo, nibandike velkro,
na kwa ndani naona wino wa kalamu yangu wa mara ile,
mstari niliouchora kuzunguka vidole vyako.
Bamba liliporudi bapa, mstari haukurudi popote.
Na pale kwenye gumba, alama ndogo ya ukucha,
nyembamba kama magamba,
ambayo hakuna nyuzi joto zitakazoifuta.

Usiliweke karibu na jiko, nakuambia.
"Na likikumbuka tena?"

Beseni lipo.
Maji yapo, siku yakitoka.